Mwanafunzi Asiyeona Anaandikia Wapi? Sauti, Vidole na Ufundishaji wa Hisabati

Miaka ya karibuni, simu janja imekuwa jibu la haraka kila yanapotajwa mahitaji ya mwanafunzi asiyeona. Ina kisoma skrini ndani yake, inasoma kitabu kwa sauti, inaandika inapoamriwa, na bei yake ni ndogo ukiilinganisha na mashine ya nukta nundu. Programu huria ya eSpeak inatamka Kiswahili. NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran na James Teh, Waaustralia wawili wasioona, inaifanya kompyuta ya Windows izungumze bila malipo yoyote. Katika Historia, Uraia au Kiswahili sina ugomvi na jibu hilo. Ugomvi wangu unaanzia kwenye Hisabati. Nadai kwamba kila kifaa kinachopendekezwa kwa somo hili kipimwe kwanza kwa swali moja: kinampa mwanafunzi mahali pa kuiweka kazi yake, kuiacha pale, kisha kuirudia na kuirekebisha? Sauti haimpi mahali hapo. Mnunuzi wa vifaa asiyeliuliza swali hili atamtoa mtoto asiyeona katika Hisabati huku akiamini kwamba amemsaidia.

Tuchukue hesabu ya kawaida ya shule ya msingi: 47 mara 36. Mwanafunzi anayeona huanza na sita mara saba, arobaini na mbili. Anaandika mbili, nne anaipeleka kwenye makumi. Akimaliza mstari wa kwanza ana 282. Wa pili ni 1,410. Anajumlisha kuanzia mamoja na kupata 1,692. Muda wote huo kichwa chake hakibebi zaidi ya tarakimu moja au mbili kwa wakati mmoja. Zilizobaki zimebebwa na karatasi. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika makala mashuhuri kuhusu ufinyu wa kumbukumbu ya muda mfupi, akikisia kuwa inashika vitu saba hivi, viwili zaidi au viwili pungufu. Watafiti wa baadaye waliipunguza idadi hiyo. Mtoto anayeambiwa aifanye hesabu ile ile kwa kusikiliza na kujibu kwa mdomo anapewa kazi mbili pamoja, kuzidisha na kukariri, na akikosea hatujui ni ipi kati ya hizo iliyomshinda. Kisha tunaandika kwenye ripoti yake kwamba ni dhaifu katika Hisabati.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa. Historia ya hisabati ina vipofu waliofanya makubwa bila kuandika. Leonhard Euler alipoteza jicho la kulia mwishoni mwa miaka ya 1730, na kuanzia 1766 alikuwa karibu haoni kabisa, lakini aliendelea kutoa kazi kwa wingi wa kushangaza akiwaamuru waandishi wake. Lev Pontryagin, Mrusi, alipofuka akiwa na miaka 14 baada ya jiko kulipuka. Mama yake, ambaye hakuwa mwanahisabati, alimsomea vitabu akizitaja alama kwa maumbo yake, na kijana yule akawa miongoni mwa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20. Basi kumbe sauti inatosha?

Nadhani mifano hiyo inathibitisha kinyume chake. Euler alikuwa amekwisha kuwa Euler kabla ya kupofuka, na Pontryagin alikuwa amekaa darasani akiona hadi umri wa sekondari. Wote wawili waliingia gizani wakiwa na ukurasa vichwani mwao: walijua sehemu inakaaje, kipeo kinakaa wapi, safu za mlinganyo zinapangwaje. Wa kumtazama ni yule ambaye hakuwahi kuuona ukurasa. Nicholas Saunderson, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1682, alipofushwa na ndui akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Mwaka 1711 alipewa Cambridge kiti kile kile alichowahi kukikalia Isaac Newton, na akawa akifundisha hata elimu ya mwanga na rangi. Hakutegemea kumbukumbu peke yake. Alijitengenezea ubao.

Ubao huo, uliofafanuliwa katika kitabu chake cha aljebra kilichotoka mwaka 1740, mwaka mmoja baada ya kifo chake, unafaa kuelezwa kwa kina. Ulikuwa umegawanywa katika miraba midogo, kila mraba una matundu tisa, safu tatu za matundu matatu matatu. Pini zilikuwa za aina mbili, zenye kichwa kikubwa na zenye kichwa kidogo. Pini kubwa katikati ya mraba ilikuwa sifuri. Pini ndogo pale pale katikati ilikuwa moja. Tarakimu nyingine zilikuwa na pini kubwa katikati na ndogo pembeni: ikiwa juu yake ni mbili, pembe ya juu kulia ni tatu, na hivyo hivyo kuzunguka kama mshale wa saa hadi tisa. Saunderson aliipanga mistari ya tarakimu ubaoni, akapitisha vidole, akajua alipofika. Angeweza kuondoka kwenda kula na kurudi akaikuta hesabu yake pale pale. Mfaransa Bernard Morin naye, aliyepofuka akiwa na miaka sita, alishughulikia jinsi tufe linavyoweza kugeuzwa ndani kuwa nje bila kukunjika, akifinyanga hatua zake kwa udongo. Kwa waliopofuka mapema, mkono ulikuwa na kitu cha kushika.

Wazo la Saunderson lilirudi kwa sura nyingine katika karne ya 19 kwenye ubao wa Taylor. Ni sahani ya chuma yenye matundu ya pembe nane, na vipande vidogo vya chuma vya mraba vinavyosimamishwa humo. Kipande kinaweza kuelekezwa pande nane. Kichwa chake kimoja kina ukingo na cha pili kina ncha mbili, kwa hiyo kipande kimoja kinatoa alama 16, zinazotosha tarakimu zote kumi na alama za matendo. Hasara yake inajulikana kwa kila aliyeutumia: vipande humwagika, na mtoto anapopapasa sakafuni kuvitafuta kipindi kinakwisha.

Abakasi ilikuja kuziba pengo hilo. Mwaka 1962 Tim Cranmer wa Kentucky, Marekani, naye asiyeona, aliichukua soroban ya Kijapani akaiwekea kitambaa kizito chini ya shanga ili zisiteleze zinapopapaswa. Badiliko dogo namna hiyo ndilo lililoigeuza kuwa kifaa cha wasioona. Kila safu ina shanga moja juu ya kizuizi, yenye thamani ya tano, na nne chini yake, kila moja ikiwa na thamani ya moja. Kuweka 7 mtoto hushusha shanga ya tano na kupandisha mbili za chini. Akitakiwa kuongeza 8 anakuta safu haina nafasi. Basi anapandisha moja kwenye makumi na kuondoa mbili kwenye mamoja, kwa sababu kuongeza nane ni sawa na kuongeza kumi na kutoa mbili. Vidole vinamkuta tano imebaki peke yake kwenye mamoja na moja kwenye makumi: 15. Ukiwatazama watoto wakifanya hivyo unaona kwamba dhana ya kukamilisha kumi, inayowasumbua wengi wanaoona, hapa imo ndani ya mwendo wa vidole vyenyewe.

Hata hivyo abakasi ina kasoro ambayo watetezi wake huipitia haraka mno. Inafuta. Jibu linapotokea, hatua zilizolileta zimekwisha kupotea, na mwalimu anayeona 1,682 badala ya 1,692 hana pa kutafuta kosa. Kwa hesabu za kujumlisha na kuzidisha tunaweza kuvumilia. Kwa aljebra, ambako hatua ndizo somo lenyewe, haivumiliki. Hapo inahitajika mashine ya nukta nundu. Ile ya Perkins, iliyobuniwa na David Abraham na kuanza kutengenezwa mwaka 1951, ina vitufe tisa, haihitaji umeme, na nundu zake hutokea upande wa juu wa karatasi, zikasomeka papo hapo mashinani. Sleti na stailasi ni rahisi kwa bei na huingia mfukoni, lakini mwanafunzi huandika upande wa nyuma wa karatasi, kutoka kulia kwenda kushoto, na hasomi alichoandika mpaka aichomoe na kuigeuza. Jaribu kutatua mlinganyo namna hiyo. Kwa imla inafaa. Kwa Hisabati ni adhabu.

Nukta nundu zenyewe zina tatizo lake. Seli ya nukta sita inatoa alama 63 tu, na hisabati ya sekondari inahitaji nyingi zaidi ya hizo. Ndiyo maana tarakimu 1 na herufi a hutumia nukta ile ile, zikitofautishwa na kiashiria cha namba kinachotangulia. Abraham Nemeth, aliyezaliwa New York mwaka 1918 akiwa haoni, alishauriwa aachane na hisabati na asome saikolojia, kwa kuwa hisabati haikuhesabiwa kuwa fani ya kipofu. Alisoma saikolojia mpaka shahada ya pili, kisha akairudia hisabati na kuifundisha chuo kikuu Detroit kwa miongo kadhaa. Njiani alijitengenezea mfumo wake wa nukta nundu, ambamo tarakimu zimeshushwa sehemu ya chini ya seli ili zisigongane na herufi. Mfumo huo ulichapishwa mwaka 1952. Aliubuni kwa sababu alihitaji pa kuandikia.

Mrithi wa mashine katika zama hizi ni kionyeshi cha nukta nundu, kifaa ambacho vijiti vyake hupanda na kushuka kufuata maandishi ya kompyuta. Kwa miaka mingi bei yake ilikuwa haifikiki. Orbit Reader 20, iliyobuniwa makusudi iwe nafuu, imeshafika mikononi mwa wanafunzi wa Kenya. Ni hatua kubwa, na kwa kusoma vitabu naipigia debe. Lakini nambari iliyo katika jina lake ni idadi ya seli zake, nazo ziko katika mstari mmoja. Kanuni ya jumla ya kutatua mlinganyo wa kipeo cha pili, yenye kipeuo na sehemu ndani yake, haienei katika seli 20 kwa mfumo wa Nemeth wala kwa ule wa Kiingereza unaotumika katika nchi nyingi. Mwanafunzi anasoma nusu ya kwanza, anabonyeza, nusu ya kwanza inatoweka, anasoma ya pili. Safu mbili za kuzidisha zilizopangwa moja juu ya nyingine hazipo kabisa. Kwa Hisabati kifaa hiki kinaisaidia karatasi, hakiiondoi.

Sasa tuirudie sauti, kwa sababu sitaki ionekane naipuuza. Udhaifu wake wa msingi ni kwamba inanyoosha kila kitu kuwa mstari mmoja wa wakati, na hisabati iliyoandikwa ina juu na chini. Mwambie mtu “moja gawanya kwa eksi jumlisha moja.” Amesikia nini? Ikiwa eksi ni 1, usikivu mmoja unampa 2, mwingine unampa nusu. Anayeona hapati shida hiyo kwa sababu urefu wa mstari wa sehemu unamwonyesha asili inaishia wapi. Nemeth, aliyewategemea wasomaji wa kulipwa, aliwafundisha kutamka mwanzo na mwisho wa kila sehemu ili kusiwe na utata. Mwaka 1994 T. V. Raman, naye asiyeona, alikamilisha Cornell tasnifu ya udaktari kuhusu programu ya kusoma hisabati kwa sauti, akaipa jina la mbwa wake mwongozaji, Aster. Katika programu yake vipeo vilisomwa kwa sauti nyembamba zaidi, na msikilizaji aliweza kuingia ndani ya mlinganyo, akasikiliza tawi moja na kuruka jingine. Kazi hiyo ndiyo iliyonifanya niache kusema kwamba sauti haifai. Inafaa pale inapotembelewa, mwanafunzi akiwa ndiye anayeamua wapi pa kwenda.

Kwa bahati mbaya sauti ya namna hiyo inadai mlinganyo ulioandikwa kwa muundo unaoeleweka na kompyuta. Muundo wa MathML ulipitishwa kuwa kiwango cha wavuti mwaka 1998, lakini Chrome, kivinjari kinachotumika kuliko vyote, kilianza kuuonyesha kwa kudumu mwaka 2023 tu. Vitabu vingi vya kiada vinavyosambazwa kielektroniki katika kanda yetu ni PDF, na milinganyo yake mara nyingi ni picha au alama zilizovurugika. Kisoma skrini kikifika hapo hunyamaza, au husoma takataka. Pia kuna suala la lugha. Mtoto wa Kitanzania katika shule ya umma hujifunza sehemu na desimali kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza anasomewa aljebra kwa Kiingereza. Anayeona huvuka daraja hilo akiwa ameshika alama zile zile: x ni x katika lugha zote mbili. Anayetegemea sauti hana hata alama hizo. Kila anachokijua kimefungwa ndani ya maneno ambayo yamebadilishwa. Sheria za kuitamka hisabati kwa Kiswahili bila utata, mathalani “fungua sehemu” na “funga sehemu”, zingeweza kuandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania ikishirikiana na BAKITA na walimu wa wasioona. Si kazi ya fedha nyingi.

Msomaji atauliza kuhusu vishikwambi, maana ndivyo vinavyotawala mazungumzo ya teknolojia ya elimu. Tanzania ina uzoefu nao wa kipekee. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, programu tano za Kiswahili zilijaribiwa kwa miezi 15 katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa wa Tanga, watoto wakijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa vishikwambi vilivyochajiwa kwa nishati ya jua. Mwezi Mei 2019 onebillion na Kitkit School zilitangazwa washindi na kugawana dola milioni 10. Kitkit School ilitoka kwa Sooinn Lee, mbunifu wa michezo ya kompyuta ambaye alianza kutengeneza programu za kujifunzia kwa sababu ya mtoto wake mwenye mahitaji maalumu. Nchini Malawi, Nicola Pitchford na wenzake walichunguza programu za hisabati za onebillion kwa watoto wenye mahitaji maalumu, na mwaka 2018 walieleza kwamba watoto hao walipiga hatua, ingawa polepole kuliko wenzao. Kwa mtoto ambaye ubongo wake unahitaji kurudia jambo mara hamsini bila mtu kumkunjia uso, kishikwambi ni mwalimu mvumilivu. Kwa kiziwi picha zinazotembea hubeba mengi, ikiwa tu maelezo yenyewe hayakuachwa kwenye sauti. Kwa asiyeona ni kioo kitupu. “Elimu maalumu” ni jina la idara wizarani. Darasani ni watoto tofauti kabisa, na bajeti inayonunua kifaa kimoja kwa wote imeshaamua nani aachwe.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote, hata hivyo, hakimo ndani ya vifaa. Katika vitengo vingi vya wasioona, mwalimu anayejua nukta nundu hakusomea Hisabati, na mwalimu wa Hisabati hajui nukta nundu. Mwanafunzi anaandika kazi yake vizuri mashinani, halafu inakaa siku tatu ikisubiri mtu wa kuinukuu kwa maandishi ya kawaida. Mnukuzi asiyejua tofauti ya kipeo na namba ya kawaida anaihamisha vibaya, na kosa linahesabiwa la mwanafunzi. Baada ya muda mwalimu anaona huruma, anasema “mwache apumzike”, na kipindi cha Hisabati kinakuwa kipindi cha kukaa nje. Hapa ndipo kompyuta ingefanya kazi ambayo hakuna kifaa kingine kinachoiweza: mwanafunzi anaandika kwa nukta nundu, programu inatafsiri, mwalimu anasoma kwenye skrini maandishi aliyoyazoea, anaandika masahihisho, na mwanafunzi anayasoma kwa vidole kabla kengele haijalia. Programu za kutafsiri namna hiyo zipo. Zinakosekana shuleni kwa sababu fedha za teknolojia hutazamwa kama fedha za kumpa mwanafunzi kitu cha kusikiliza.

Kwa kitengo chenye fedha kidogo ningenunua kwa mpangilio huu. Abakasi kwa kila mtoto kuanzia darasa la kwanza, kwani bei yake ni ndogo na haihitaji fundi. Mashine za nukta nundu za kutosha kila anayesoma Hisabati awe na yake ndani ya kipindi, pamoja na mtu anayejua kuzitengeneza, maana zinazoharibika huishia stoo. Uzi wa katani, gundi na mbao zenye misumari kwa ajili ya michoro ya jometri, vinavyopatikana sokoni kokote. Kompyuta moja ya mwalimu yenye programu ya kutafsiri. Simu na vishikwambi baada ya hapo.

Baraza la Mitihani la Tanzania limekuwa likieleza, kabla ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, kwamba watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Waliopanga kiwango hicho walitambua kwamba Hisabati inahitaji muda wa ziada maradufu ya masomo mengine. Utambuzi huo bado haujafika kwenye orodha za manunuzi, ambako Hisabati na Historia huwekewa kifaa kile kile.